Jeki ya Chupa ya Tani 10 Kutoka Gerezani: Inanyanyua Vizuri, Ila Usiiache Ishikilie Gari Peke Yake

Jeki ninayoitathmini hapa ni jeki ya haidroliki ya umbo la chupa, yenye uwezo wa tani 10, ambayo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya zana na vipuri ya Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Imepakwa rangi nyekundu, imetengenezwa China, na haina jina ambalo mnunuzi angeweza kulifuatilia zaidi ya maandishi yaliyobandikwa ubavuni. Nimeitumia kwa muda wa kutosha kwenye magari mawili ya kazi, Toyota Hiace ya abiria na Mitsubishi Fuso Canter ya mizigo, kwa kubadilisha matairi barabarani na kwa matengenezo madogo uani. Uamuzi wangu ni huu: kwa kunyanyua, jeki hii inastahili bei yake na ningeinunua tena bila kusita, kwa kushikilia gari wakati mtu yuko chini yake haifai kabisa, na haifai si kwa sababu ni ya bei nafuu, bali kwa sababu hakuna jeki ya chupa, hata ile ya gharama kubwa kuliko zote, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mnunuzi anapofika dukani, swali analouliza kwanza, na mara nyingi pekee, ni kwamba jeki ni ya tani ngapi. Swali hilo lina maana yake, lakini halitoshi. Canter ambayo uzito wake wa jumla pamoja na mzigo ni tani 7 inaweza kuweka karibu tani 5 kwenye ekseli ya nyuma, na kwa kuwa kwa kawaida tunanyanyua upande mmoja tu, jeki hubeba karibu nusu ya hizo. Hiace iliyojaa abiria ina uzito wa tani 3 hivi kwa gari zima, na kila gurudumu hubeba sehemu tu ya uzito huo. Kwa hiyo tani 10 ni uwezo wenye akiba kubwa kwa magari haya, na akiba hiyo ina faida, kwa sababu sili za ndani, yaani pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje, hufanya kazi chini ya shinikizo dogo kuliko kiwango chake cha mwisho. Hata hivyo, akiba ya tani haimlindi mtu dhidi ya jeki kuteleza, kuinama au kuzama ardhini, na ajali nyingi za jeki huanzia hapo, wala si kwenye uzito kupita kiasi.

Kipimo ambacho ningemshauri kila mnunuzi akitazame kabla ya tani ni urefu. Jeki hii ikiwa imefungwa kabisa ina urefu wa milimita 200. Pistoni yake hupanda milimita 125, na skrubu iliyo kichwani inaweza kufunguliwa kwa mkono kuongeza milimita 60 nyingine kabla ya kuanza kupampu. Chini ya ekseli ya nyuma ya Canter inaingia kwa nafasi. Chini ya Hiace inaingia, lakini tairi likiwa limekwisha upepo kabisa ekseli hushuka, na hapo nafasi huwa finyu kiasi cha kulazimu kuchimba kidogo au kulisogeza gurudumu lililolala lipande juu ya ubao. Kwa gari dogo kama Toyota IST, jeki hii haina kazi: haiingii chini ya ubavu wa gari, na hata ikiingizwa kwa hila, kichwa chake chembamba hukunja bati kwenye sehemu ambazo zimetengenezwa kupokea mdomo wa jeki ya mkasi inayokuja na gari. Nimeona wenye magari madogo wakinunua jeki ya tani 10 kwa kuamini kwamba kubwa ni salama zaidi. Kwao si salama zaidi, kwa sababu itawalazimisha kuiweka mahali pasipostahili.

Kuhusu utendaji wake, sina malalamiko makubwa. Kinachofanyika ndani ni kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba shinikizo linalowekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote, na ambayo Mwingereza Joseph Bramah aliitumia kutengeneza mashine ya kukandamizia kwa nguvu ya maji aliyoipatia hataza mwaka 1795. Mpini unapokandamizwa, pistoni ndogo husukuma mafuta kupitia valvu hadi chini ya pistoni kubwa. Tuchukue mfano wa jeki ambayo pistoni yake ndogo ina kipenyo cha milimita 10 na ile kubwa milimita 45: eneo la kubwa ni mara 20 ya eneo la ndogo, na mpini wenyewe ukizidisha nguvu ya mkono mara 20 nyingine, kilo moja ya mkono huwa kilo 400 za kunyanyua. Malipo ya nguvu hiyo ni mwendo, kwa maana kila msukumo wa milimita 20 wa pistoni ndogo hunyanyua gari kwa milimita 1 tu. Ninaieleza hesabu hii kwa sababu inafafanua jambo ambalo mtumiaji analihisi mkononi: jeki nzuri hupampwa kwa wepesi na polepole, na mpini ukianza kuwa mgumu kiasi cha kuhitaji mtu kuuning'inia, tatizo si udhaifu wa mikono. Ama mzigo umezidi, ama pistoni imefika mwisho, na katika hali zote mbili jawabu ni kuacha. Kuuongeza mpini kwa bomba refu, kama wanavyofanya baadhi ya utingo, ni kulazimisha shinikizo ambalo chuma na sili havikukusudiwa kulibeba.

Kasoro za jeki hii ninazoweza kuzitaja ni tatu, na moja kati yake ni nzito. Mpini wake una vipande viwili vinavyoungana kwa kuchomekwa tu, na kiungo kina ulegevu unaochosha mkono. Maandishi ya maelekezo yako kwa Kichina na kwa Kiingereza cha kubabaisha, hakuna hata sentensi moja ya Kiswahili, ilhali wanaoitumia zaidi ni madereva na utingo ambao wangenufaika sana na mistari michache iliyo wazi. Kasoro nzito ni kitako. Kwa chombo cha kunyanyua tani 10, kitako chake ni kidogo, na juu ya mchanga wa pwani au udongo mweusi wa mbuga kinazama kabla gari halijanyanyuka. Hata lami ya jua kali la mchana hulainika na kukubali kubonyea. Ni lazima kwenye gari kuwe na ubao mgumu, wa mninga au mkongo, unene wa sentimita 5 hivi na upana unaozidi kitako pande zote, na ubao huo uwe mzima. Wenye uwezo wa kupata kipande cha taruma la zamani la reli lililo la mbao watakuwa wamepata kitu bora zaidi.

Sasa niseme kuhusu namna ya kuitumia, maana jeki haiwezi kutathminiwa mbali na mikono inayoishika. Gari lisimamishwe mahali tambarare na pagumu, mbali na njia ya magari mengine, pembetatu za tahadhari ziwekwe mbele na nyuma kwa umbali unaompa dereva anayekuja nafasi ya kupunguza mwendo, na abiria wote washuke. Kushusha abiria si adabu tu. Mtu mmoja akihama kiti ndani ya Hiace iliyonyanyuliwa anaweza kulitikisa gari lote. Kwenye miteremko kama ya Kitonga au Sekenke, kama gari lina uwezo wowote wa kujisogeza hadi mahali palipo sawa, lisogezwe, hata kama kufanya hivyo kutalimaliza kabisa tairi ambalo tayari limeharibika. Kisha breki ya mkono ivutwe, gia iingizwe, na magurudumu yatakayobaki chini yawekewe kabari mbele na nyuma.

Kuhusu kabari nitakaa kidogo, kwa sababu hapa pana hatari ambayo madereva wengi wa malori madogo hawaijui. Katika magari mengi ya aina ya Canter, breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi. Maadamu magurudumu yote mawili ya nyuma yako chini, hilo linatosha. Lakini gurudumu moja la nyuma likinyanyuliwa hewani, difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili, huruhusu lizunguke upande mmoja huku lile lililo chini likizunguka upande wa pili, na shafti ikiwa imetulia kabisa. Maana yake ni kwamba gari linaweza kuanza kutembea hali breki ya mkono imevutwa hadi mwisho na gia imeingizwa, kwani gia nayo hushika shafti hiyo hiyo. Gari likisogea sentimita chache tu, jeki inainama na kuanguka. Kwa hiyo, anayenyanyua gurudumu la nyuma la Canter bila kabari imara kwenye magurudumu ya mbele hana breki yoyote, hata kama anaamini anayo. Jiwe la mviringo lililookotwa kando ya barabara si kabari. Kabari ni kipande cha mbao au chuma kilichokatwa kwa mshazari, kinachokaa chini ya tairi bila kubiringika.

Nati za gurudumu zilegezwe kwa wili spana kabla ya kunyanyua, wakati tairi bado limekanyaga chini, kwa sababu nguvu inayotumika kuzifungua gurudumu likiwa hewani ndiyo hiyo hiyo inayoweza kulisukuma gari litoke juu ya jeki. Zilegezwe tu, zisitolewe. Jeki iwekwe juu ya ubao, isimame wima, na kichwa chake kikae chini ya ekseli karibu na mahali springi inapofungwa, juu ya chuma kilicho wazi, pasipo na bomba la breki wala boliti inayochomoza. Tumbo la difu si mahali pa kuweka jeki hii. Ni mviringo, lina mafuta yanayoteleza, na sehemu yote ya nyuma ya gari ikisimama juu ya ncha moja ya katikati inaweza kulalia upande wowote. Nafasi ikiwa kubwa, skrubu ya kichwani ifunguliwe kwanza hadi ikaribie kugusa. Kurundika vipande vya chuma au mawe juu ya kichwa cha jeki ili kufikia gari ni jambo ninalolipinga kwa nguvu zote, kwa sababu chuma juu ya chuma huteleza bila onyo.

Valvu ya kushushia ifungwe kwa kuizungusha kuelekea mwendo wa saa hadi ikaze, bila kutumia koleo, na baada ya hapo mtu apampu akiwa amekaa ubavuni, mikono na kichwa vikiwa nje ya gari. Gari likianza kupanda, aitazame jeki zaidi ya anavyolitazama tairi. Upande mmoja unaponyanyuka, sehemu iliyonyanyuliwa haipandi wima moja kwa moja. Huelekea pembeni kidogo, na kuivuta jeki iiname. Ulalo mdogo unaoonekana kwa macho unatosha kuwa sababu ya kushusha, kupanga upya na kuanza tena. Hakuna jeki iliyoinama inayojirekebisha kwa kupampwa zaidi. Kwa tairi, kunyanyua kukome pale linapoachana na ardhi kwa kiasi cha kuingiza lile la spea lenye upepo. Urefu wowote zaidi ya huo ni hatari isiyo na faida. (Kwa wenye Canter zenye matairi pacha nyuma, pancha ikiwa kwenye tairi la nje tu, wakati mwingine jeki haihitajiki kabisa: tairi la ndani hupandishwa juu ya ubao mnene, na la nje hubaki likining'inia.)

Nilifanya jaribio moja ambalo ningependa kila mwenye jeki alifanye. Nilinyanyua upande mmoja wa ekseli ya nyuma ya Canter isiyo na mzigo, nikaweka stendi mbili chini yake nikiacha nafasi ndogo bila kugusana, nikapima kwa rula kutoka chini hadi kwenye ekseli jioni, na nikapima tena asubuhi. Ekseli ilikuwa imeshuka milimita chache. Hakukuwa na tone la mafuta chini, hakukuwa na ufa, na jeki ilikuwa mpya. Kwa kiwango cha jeki za bei hii naona hayo ni matokeo mazuri, lakini yanaonyesha jambo zito: kinacholizuia gari lisishuke ni mafuta nyuma ya valvu ndogo na pete za mpira. Chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye mdomo wa valvu hiyo, au pete ikachanika, milimita chache za usiku mzima zinaweza kuwa kimo chote kwa sekunde chache. Fundi aliyelala chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake ameiweka pumzi yake juu ya pete hizo.

Ndiyo maana malalamiko yangu makubwa kuhusu duka, si kuhusu jeki, ni kwamba jeki iliuzwa peke yake na muuzaji hakuzungumzia stendi hata kwa neno moja. Stendi zilikuwepo, zimewekwa rafu ya nyuma, na ilibidi niziulizie. Stendi ni kipande cha chuma chenye miguu mitatu au minne, hakina mafuta, hakina sili, na ndicho kinachopaswa kubeba gari mara tu jeki inapomaliza kulipandisha. Ziko za meno, ambazo nguzo yake hukwama kwenye wenzo, na ziko za pini, ambazo nguzo hutobolewa matundu na kupitishwa pini nene ya chuma. Mimi nachagua za pini. Mwaka 2020 kampuni ya Marekani ya Harbor Freight ililazimika kurudisha kutoka kwa wateja stendi zake za meno za tani 3 na tani 6, zaidi ya milioni moja kwa jumla, kwa kuwa meno yake hayakuwa yakishikana na wenzo kwa kina cha kutosha na stendi ingeweza kushuka ghafla. Pini, kwa upande wake, mtu huiona kwa macho kama imeingia au haijaingia.

Matofali ya saruji, ambayo hutumika katika gereji nyingi za mitaani kwa sababu yako karibu na hayana gharama, nayakataa kabisa. Tofali hubeba uzito mkubwa maadamu umesambaa juu yake lote, lakini ekseli hugusa sehemu ndogo tu, na tofali halijikunji wala kulia kabla ya kuvunjika; hupasuka mara moja. Asiyekuwa na stendi barabarani alaze tairi la spea, na baadaye lile alilolitoa, chini ya chasisi karibu na jeki. Jeki ikianguka, chasisi italalia tairi. Hiyo ni njia ya dharura ya kubadilishia gurudumu, na hairuhusu mtu kuingia chini ya gari.

Kushusha nako kuna utaratibu wake. Gurudumu lirudishwe, nati zikazwe kiasi, stendi zitolewe, watu wasogee, kisha valvu ifunguliwe polepole sana, kwa robo ya mzunguko, ili gari lishuke kwa utulivu. Valvu ya jeki hii ni nyepesi mno ikianza kufunguka, na anayeizungusha kwa haraka atashangazwa na kasi ya gari. Nati zikazwe kikamilifu tairi likiwa limekanyaga ardhi, kwa mpangilio wa kuruka kutoka nati moja hadi inayotazamana nayo.

Matunzo yake ni machache. Ihifadhiwe ikiwa imesimama wima, pistoni na skrubu zikiwa chini kabisa, ili chuma kilichong'arishwa kisipate kutu wala vumbi litakaloikwaruza sili. Ikianza kupanda na kurudi kama yenye mpira ndani, ina hewa: fungua valvu, legeza kizibo cha mafuta, pampu mara kadhaa bila mzigo, kisha funga. Mafuta yaongezwe pistoni ikiwa chini, hadi ukingo wa chini wa tundu, na yawe mafuta ya haidroliki, ya daraja la 22 au 32. Mafuta ya breki yasiguse jeki hata kidogo, kwani huvimbisha pete zake za mpira na kuziharibu, na jeki iliyokwisha kutiwa mafuta hayo haiaminiki tena mpaka ibadilishwe sili zote.

Kwa upande wa huduma, duka lilitoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, bila kuombwa, na muuzaji alikubali jeki ijaribiwe. Jaribio lake lilikuwa kuipampu mezani bila mzigo, jambo ambalo halithibitishi chochote zaidi ya kwamba pistoni inapanda. Mnunuzi aombe jeki inyanyue pembe ya gari lililoegeshwa nje, iachwe hivyo wakati malipo yakishughulikiwa, kisha atazame kama kuna mafuta yanayochuruzika kwenye shingo ya pistoni au pembeni ya valvu. Aulize pia kama sili za kubadilisha zinapatikana kwa ukubwa huo. Za jeki hii zinapatikana Gerezani hapo hapo, na ndiyo sababu mojawapo ya mimi kuipa nyota nne kati ya tano, nikiizuilia ya tano kwa ajili ya kitako na maelekezo. Mwenye Canter, Hiace au Land Cruiser anaweza kuinunua, mradi alipie na jozi ya stendi za pini siku hiyo hiyo. Mwenye fedha ya kutosha jeki ya tani 10 pekee achukue ya tani 5 kwa Hiace yake, na salio alitumie kwenye stendi.